CELICA YA TUNDUMA NUSURA IMWINGIZE MSHIKAJI WANGU MJINI

MSOMAJI mpenzi, umeshawahi kuona kijana wa miaka 27 anaongea na gari? Mimi nimemwona. Ni mshikaji wangu, na gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica nyekundu, milango miwili, taa za kufumba na kufumbua, limepaki nyuma ya gesti moja hapa Tunduma. Jamaa analipapasa boneti huku ananong'ona, "Wewe ni wangu, wewe." Pembeni dalali anatabasamu kama bwana harusi.

Ngoja kwanza nikwambie huyu mshikaji ni nani, ndipo utaelewa kwa nini roho ilikuwa inanidunda. Kazi yake ni kuendesha magari ya IT, yale yanayoshuka bandarini Dar na kupitishwa kwenda nje ya nchi. Anakabidhiwa gari Dar, analileta hapa mpakani, kilometa zaidi ya 900, anapanga foleni na malori, anasaini, anarudi na basi. Miaka minne anakanyaga mafuta kwenye magari ya matajiri wa Zambia na Kongo. Leo Harrier, kesho Land Cruiser. Yeye mwenyewe hana hata baiskeli.

Akawa anadunduliza. Siku hiyo alikuwa na milioni 8 zake, na juu ya hizo milioni 3 za bi mkubwa wake wa Mlowo. Hela ya mahindi hiyo, ilikuwa iende kwenye mabati. Bi mkubwa alimkopesha kwa sharti moja: gari likodishwe kwa maharusi, na hela irudi kabla ya mvua za Novemba hazijaanza kumnyeshea kitandani. Sasa piga picha mwenyewe, hela ya paa la mama inakwenda kwenye gari la michezo!

Dalali alianzia milioni 14. Akashuka 13, akashuka 12, akatua kwenye 11 na kugoma hapo. Nikajiuliza, huyu bwana kamchunguliaje mshikaji mfukoni? Kumbe jamaa mwenyewe alishamtajia alichonacho tangu kwenye simu. Wazee wa mjini wanasema usimwonyeshe mwenye duka noti yako kabla hujauliza bei.

"Kaka," dalali akasema, "hii siyo Celica ya kwendea sokoni. Hii ni GT-Four. Hii ndiyo ile ya Safari Rali!"

Hapo mshikaji akazimia akiwa amesimama.

Na tuwe wakweli, jina hilo lina uzito wake. Safari Rali ilianza mwaka 1953, na enzi hizo magari yalikuwa yanakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, wazee wetu wakipanga mstari barabarani kula vumbi kwa furaha. Datsun 240Z ilishinda 1971, ikarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kisha zikaja Celica. Björn Waldegård alishinda nayo 1984 na 1986, katikati hapo, 1985, akashinda Juha Kankkunen. Ikaja Celica GT-Four, yenye turbo na inayovuta miguu yote minne. Hiyo ilishinda 1990, 1992, 1993, 1994 na 1995. Mwaka 1993 ndiyo ilikuwa balaa, maana Celica zilishika nafasi ya kwanza mpaka ya nne. Wengine wakaambulia vumbi.

Lakini GT-Four ina dada zake. Sura ile ile, taa zile zile za kukonyeza, ila hazina turbo na zinavutwa na miguu ya mbele tu, kama Carina ya mwalimu mkuu. Ni magari mazuri, sikatai. Ila bei ya dada haiwezi kuwa bei ya bingwa. Dalali anajua kwamba wewe unayanunua kwa macho, na macho yako yameshalewa.

Mshikaji akatia mkono mfukoni. Dalali alitaka milioni moja ya kushikia gari, palepale, "maana kuna Mzambia anatoka Nakonde saa nne." Huyu Mzambia wa saa nne, msomaji wangu, yupo kwenye kila biashara ya Tunduma na hakuna aliyewahi kumwona. Nikamshika mkono jamaa yangu. Nikamwambia, hata mchumba unampeleka kwa shangazi amwone kwanza. Tumwite fundi.

MZEE WA SUMAKU

Fundi wetu ni mzee wa Rungwe aliyehamia huku zamani. Mfupi, kofia ya sufu hata jua likiwaka, na mfukoni ana sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Liko wapi?"

Hakuangalia rangi. Hakuangalia rimu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakaa kimya kidogo, halafu akamwuliza dalali, "Saa moja asubuhi hii, nani kaliwasha kabla hatujaja?" Dalali akaanza kukohoa. Mzee akatugeukia: gari unalolinunua lazima ulikute limelala. Likishapashwa moto na mwenyewe, huwezi kujua kama asubuhi linaamka kwa kelele, kwa moshi, au kwa kusukumwa na watoto wa shule.

Kisha ikatoka sumaku, imefungwa kitambaa ili isikwaruze. Akaipitisha kwenye milango, ikanata. Juu ya magurudumu ya nyuma ikadondoka. Akaiokota, akairudisha, ikadondoka tena. "Hapa hakuna bati," akasema. "Hapa kuna pati tu. Mmepakiwa uji mkapigiwa rangi." Mkoa huu chuma pekee kinachokaa jua na mvua bila kubembelezwa ni kile Kimondo cha Mbozi. Hivi vingine vyote vinaliwa na kutu, na mwuzaji mjanja anaifukia kutu kwa pati na rangi mpya.

Akafungua boneti. GT-Four ina tundu juu ya boneti la kuingiza upepo. Hili gari lilikuwa nalo. Mzee akachungulia kwa chini, akacheka mpaka kofia ikahama. Lile tundu lilikuwa pambo. Limebandikwa kwa ripiti, na chini yake bati zima, hata inzi hapiti. Turbo hakuna. Akapiga jeki, akaniita nilale chini nione mwenyewe. Kwenye gari linalovuta miguu yote lazima uone propela inakwenda nyuma mpaka kwenye difu. Mimi niliona sailensa na matope.

"Mwanangu," akamwambia mshikaji kwa upole kabisa, "huyu hajawahi kukimbia rali. Huyu alikuwa anatazama kwenye TV."

Mshikaji alicheka? Thubutu! Alikuwa bado anatafuta sababu. "Lakini mzee, si bado ni Celica? Akishusha mpaka saba?" Ndiyo ubaya wa kupenda gari.

KADI YA MAREHEMU

Kilichomzindua ni karatasi. Mzee alifuta vumbi kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, pale Toyota wanapogonga namba ya chesesi. Ilianza na ST182. Hiyo peke yake ilimaliza ubishi, kwa sababu GT-Four ya umbo lile ni ST185. Kisha akaomba kadi. Dalali akaitoa shingo upande. Kwenye kadi, namba ya chesesi ilianza na AT192.

Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne sikuelewa kitu. Mzee akatufafanulia polepole: AT192 ni Carina. Yaani mahali fulani kuna Carina ilikufa, pengine ajalini, kadi yake na namba zake zikahamishiwa kwenye Celica hii. Na Celica hii yenyewe imeingiaje nchini? Labda iliingia kwa kibali cha muda na namba za kigeni, labda ilikuwa IT iliyotakiwa kuvuka isivuke. Vyovyote vile, ushuru wa forodha haukulipwa, VAT ya asilimia 18 haikulipwa, na ule ushuru wa uchakavu wanaotozwa magari ya zamani haukulipwa. Siku TRA au trafiki watakapolinganisha namba, gari linakamatwa, na anayeshikwa ni yule anayekutwa kwenye usukani. Dalali saa hizo simu yake haipatikani.

Mshikaji wangu, ambaye kazi yake yote ni karatasi za IT, ambaye anazijua kuliko namba yake ya viatu, hakuwa amelinganisha namba. Wekundu ulimfumba macho. Nilipogeuka kumtafuta dalali, alikuwa anaongea na simu ambayo haikuwa imeita, anatembea kuelekea stendi.

Nauli ya bodaboda ya fundi ilikuwa elfu tatu, na ukaguzi tukampa elfu hamsini. Elfu hamsini zikaokoa milioni kumi na moja.

YA MWALIMU

Wiki tatu baadaye mzee mwenyewe akapiga simu. Kuna mwalimu mstaafu Mbalizi ana Celica, anaiuza kwa sababu magoti yamekataa kushuka kwenye kiti cha chini namna ile. Tukapanda Costa alfajiri, tukafika gari bado lina umande.

Halikuwa na sura ya kukuzimisha. Jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya mgando, namba A, kiti cha dereva kimechanika. ST182 kwenye chuma, ST182 kwenye kadi, jina la mwalimu kwenye kadi. Kisha mwalimu akaleta daftari la shule, lile la mistari. Ndani yake kila oili aliyobadilisha, kila plagi, na tarehe ya belti ya taiming'i. "Inakula oili kidogo," akasema bila kuulizwa. "Na taa ya kushoto asubuhi inachelewa kuamka. Kama mimi."

Mzee akazungusha sumaku, ikadondoka mahali pamoja tu, kwenye kona ambapo mwalimu aligonga mwembe. Likawashwa likiwa baridi. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni, ukakata. Mzee akasema ule ni wa oili, unavumilika. Angeona mweupe mzito usiokoma, hapo ni maji yanaingia kwenye silinda, tungerudi na Costa yetu. Akafungua kifuniko cha oili kutafuta utelezi wa rangi ya maziwa. Hamna. Akatusomesha na matairi: zile namba nne za mwisho ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Haya yalisomeka 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zilikuwepo, lakini raba imezeeka. Hela ya matairi manne ikakatwa kwenye bei hapo hapo.

Nikamwuliza, mbona hii inakula oili na hujaikataa? Jibu lake nimelishika mpaka leo. Injini ya gari hili ni 3S, ya ukoo mmoja na ile ya Noah za zamani na RAV4 za mwanzo. Ringi na gasketi Mwanjelwa zipo, fundi wa kuifungua yupo kila kona. Lakini mlango wa Celica, kioo cha mbele cha Celica, taa ya Celica, utavitafuta mpaka uote mvi. Kwa hiyo kwenye magari haya ya zamani unalipia bati na karatasi. Injini utaitengeneza.

Mwalimu alitaka milioni 6 na laki 8. Wakavutana kwa adabu, "baba punguza," "mwanangu niongeze," wakamalizana kwa 6 na laki 2. Mkataba ukaandikwa kwa wakili, mashahidi wakasaini, na safari ya TRA kubadilisha jina ikafanyika wiki ile ile kabla utamu haujaisha. Breki mzee alizijaribu kwanza uwanjani, pahali tambarare, ndipo akaturuhusu kuondoka. Senjele tulikwenda taratibu nyuma ya semi ya mizigo, mshikaji hakuthubutu kulipita hata moja, kijana wa rali.

Mlowo bi mkubwa alitoka na kanga yake akasimama mlangoni. Mshikaji akamkabidhi bahasha, milioni 3 kamili, haikuguswa. Akazihesabu mara mbili. Ndipo akalizunguka gari.

"Mbona lina milango miwili? Bibi harusi na shela lake atapitia wapi?"

Mshikaji akaona amjibu kwa vitendo. Akawasha taa. Ya kulia ikainuka, ya kushoto ikakataa. Watoto wa jirani wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo gari linaitwa Konyeza.

Harusi ya kwanza imeshapatikana, Vwawa, Jumamosi ya wiki ijayo, bwana harusi ni mwembamba. Mota ya taa bado tunaitafuta. Mwanjelwa wameshatuambia haipo.