Asha wa "Pumzi": Amekufa au Amegeuka Mti?

Katika sinema za kubuni za kisayansi, mwili wa mwanadamu ukigeuka, aghalabu hugeuka kwa kutisha. Wapenzi wa sinema watakumbuka "The Fly" ya David Cronenberg ya mwaka 1986, ambamo mwanasayansi anageuka nzi hatua kwa hatua. Kucha zinang'oka, meno yanaanguka, na kamera imemganda haibanduki. Mtazamaji hutoka pale amekunja uso, akishukuru kwamba mwili wake ungali mzima.

Ipo hata hivyo sinema moja ya Kenya ambayo ndani yake mwanamke anageuka mti, na hapana damu wala ukelele. Jina lake ni "Pumzi". Mtungaji na mwongozaji wake ni Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, aliyepata pia kutengeneza filamu juu ya Wangari Maathai, yule mama wa miti aliyepewa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. "Pumzi" ilitengenezwa mwaka 2009, ikapigwa Afrika ya Kusini, na mwezi Januari 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Haifiki hata nusu saa, walakini mwisho wake umezusha ubishi mkubwa kuliko sinema nyingi za saa tatu.

Ubishi huo mimi nimeusikia kwa masikio yangu huko Nkoroi, katika barabara ya Magadi baina ya Ongata Rongai na Kiserian, nilipokwenda kumzuru shangazi yangu. Msomaji wa pwani aliyezoea kisima cha uani aelewe kwanza kwamba Kajiado ni nchi kavu. Lori la maji likifika, kila mtu husikia, na maji yaliyooshea mchele hayamwagwi, hupelekewa mche wa mwembe. Wazee wa huko wanaukumbuka ukame wa mwaka 2009, mwaka ule ule wa sinema hii, na hata vijana wanaukumbuka ule wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na ng'ombe wa Wamasai wakafa kwa makundi. Kwa watu kama hao, hadithi ya dunia iliyokaukiwa haina ugeni.

Hadithi yenyewe ni hii. Imepita miaka 35 tangu Vita Vikuu vya Tatu, vita vya kugombania maji. Juu ya ardhi hakuna kinachoota. Watu waliosalia katika Afrika ya Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, katika jamii iitwayo Maitu, neno ambalo kwa Kikuyu ni mama. Umeme wao wanautengeneza kwa miguu yao, wakikimbia juu ya mashine bila ya kwenda popote. Hata kuota ndoto ni kosa, na ziko dawa za kuzuia ndoto. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa jumba la makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja analetewa udongo usiojulikana umetoka kwa nani. Anaupima, anaona una maji na hauna sumu. Anapanda mbegu, mbegu inachipua. Wakubwa wanamkatalia ruhusa ya kutoka, naye anatoroka na mche wake mpaka jangwani.

Huko anachimba shimo kwa mikono, anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, kisha anaukamulia jasho lake mwenyewe. Halafu analala ubavuni mwake na kuukinga na jua kwa mwili wake na nguo yake. Kamera inaanza kupanda juu. Asha anazidi kuwa mdogo, na pale pale alipolala mti unakua, matawi yanatanda, mpaka mwili hauonekani tena.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "huyu si amejiua? Na sisi roho si mali yetu."

Swali lake si dogo, wala si la kuchekwa. Nafsi ni amana, na sinema inayompambia mtu mauti yafaa iulizwe swali hilo. Mimi si mwanachuoni, na hukumu nawaachia wenyewe. Lakini kazi ya mwenye kutazama sinema ni kuuliza: je, picha yenyewe imetuonyesha nini?

Kwanza, tutazame kamera. Cronenberg anaisogeza karibu ili tuone nyama ikiharibika. Kahiu anaiondosha. Hatuoni macho ya Asha yakifumba, hatuoni pumzi ya mwisho, hatuoni hata jani la kwanza likitoka. Kwa hiyo haiwezekani kusema ni dakika gani mwanamke amekwisha na mti umeanza. Mti huota kwa miaka, nasi tunaonyeshwa kwa nukta chache tu. Maana yake ni kuwa hatutazami tena kwa saa ya mwanadamu, tunatazama kwa saa ya ardhi.

Pili, tuhesabu maji. Mwanzoni mwa sinema tunamwona Asha akilikusanya jasho lake na haja yake ndogo, akavitia katika chombo cha kusafishia, kisha akanywa. Wako watazamaji wanaokunja pua hapo, na yamkini ndiyo sababu wanaisahau picha hiyo. Nami naona hapo ndipo kugeuka kwa Asha kunapoanza. Katika jamii ya Maitu mwili ni mfereji uliofungwa: kinachotoka humrudia yeye yule, hakimfikii mwingine. Lakini Asha anamgawia maji mwanamke anayesafisha choo, na baadaye mwanamke huyo huyo ndiye anayemsaidia kutoroka. Kisha anaupa mche. Kila mara mfereji unafunguka zaidi. Anapolala pale jangwani hana jambo jipya analofanya. Anatoa tone la mwisho la kile alichokwisha kuanza kutoa. Mti hautoki kwa uchawi, unatoka kwa hesabu.

Tatu, kuna jina, na hili masikio ya pwani yanapaswa kulisikia kabla ya wengine. Asha ni Aisha, na asili yake katika Kiarabu ni uhai, mwenye kuishi. Hata neno letu "kuishi" limetoka katika shina hilo. Na neno "pumzi" ni ndugu wa "kupumua" na wa "kupumzika" pia. Mwanamke mwenye jina la uhai anapumzika, na dunia inapata kupumua. Sidhani Kahiu angemwita jina hilo mtu aliyekusudiwa afe bure.

Haya nilimweleza shangazi. Alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayojulikana na wengi, kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, naye akiweza kuupanda, basi aupande. "Lakini," akaongeza, "ameambiwa aupande, hakuambiwa alale chini yake."

Hapo alinishika, na sina budi kukiri kuwa sinema haikulijibu neno hilo. Ingeweza kumpa Asha mwenzake wa kushika chupa ya pili. Jangwa lile lingehitaji mtu mmoja tu atoe yote ikiwa wale wengine mia wamebaki ndani wakikimbia juu ya mashine. Nadhani hilo ndilo la kutisha katika picha ile tulivu. Mwili wa Asha unageuka kwa sababu jamii yake imekataa kugeuka. Lau wakubwa wa Maitu wangelimpa ruhusa na kibaba cha maji, angelipanda mche akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Basi atakayeitazama "Pumzi" asiulize tu kama Asha amekufa ama amekuwa mti. Aulize pia wako wapi waliokuwa na maji.