Betri Ndogo Ndiyo Yenye Ufunguo

Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, imebeba betri mbili. Moja imelala sakafuni chini ya viti: ina uwezo wa kilowati-saa 24, ikijaa hukaribia volti 400, na ndiyo inayosukuma magurudumu. Nyingine iko chini ya boneti: ya volti 12, ya risasi na asidi, ndugu wa ile iliyomo katika Corolla yoyote ya petroli. Mwenye gari anayetaka kufunga humo kompyuta ndogo, tuseme Raspberry Pi, ambayo ni bodi moja yenye ukubwa wa kadi ya benki, huitazama ile betri kubwa na kupiga hesabu haraka. Raspberry Pi 4 isipokuwa na kazi nzito hula kama wati 3; ukiongeza umeme unaopotea wakati wa kushusha volti, sema wati 3 na nusu. Kilowati-saa 24 zingeilisha zaidi ya miezi 9 mfululizo. Hesabu ni sahihi, lakini haina faida, kwa sababu gari likizimwa kompyuta hiyo haipati hata tone kutoka betri kubwa.

Kwa nini mtu ahangaike na jambo hili? Leaf zinazofika Afrika Mashariki kwa kawaida zimeshatumika Japani, na kinachoamua thamani ya gari la namna hiyo ni afya ya betri yake. Dashibodi huionyesha kwa vipande 12: cha kwanza huanguka betri ikishapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Mnunuzi akiviona vyote 12 hawezi kujua kama betri imepungua kwa asilimia 2 au kwa 14. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na joto ndilo linaloizeesha mapema, jambo ambalo mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hawezi kulipuuza. Kompyuta ndogo iliyounganishwa na soketi ya uchunguzi, ile ambayo mafundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu, inaweza kuandika kila siku joto la betri, kiasi cha chaji, na volti za kila moja kati ya jozi zake 96 za seli. Kumbukumbu ya mwaka mzima ya namna hiyo ni hati ya afya ambayo dashibodi haiwezi kuitoa. Hitaji ni la kweli, na kwa hiyo inafaa kulishughulikia vizuri.

Sasa turudi kwenye betri kubwa. Kati yake na sehemu nyingine za gari kuna swichi nzito ziitwazo kontakta. Gari likizimwa, kontakta huachia, na volti zote zile hubaki zimefungiwa ndani ya sanduku lao. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani volti 400 huua. Gari likiwashwa, kontakta hufunga, na kifaa maalumu hushusha umeme wa betri kubwa ili kulisha taa, redio na kompyuta za gari, na papo hapo kuichaji betri ndogo. Kifaa hicho kimechukua nafasi ya altaneta. Lakini nani huzivuta kontakta zifunge? Ni betri ya volti 12. Ikifa, gari lenye chaji kamili sakafuni halina namna ya kuifikia, na litakaa hapo mpaka mtu alete nyaya za kubusti. Takwimu za ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, zimeonyesha kwamba betri hii ndogo ndiyo inayoongoza kwa kukwamisha hata magari ya umeme. Nissan nao waliujua udhaifu huo: matoleo ya bei ya juu ya Leaf za mwanzo yalikuja na kipande cha sola juu ya mlango wa nyuma, na kazi yake ilikuwa kuiongezea chaji betri ya volti 12 tu.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni hii. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 45 ina wati-saa 540. Betri ya risasi haipendi kunyonywa chini ya nusu, hivyo zinazotumika salama ni 270. Kwa wati 3 na nusu, hizo ni saa 77. Gari lililoegeshwa Ijumaa jioni litafika usiku wa Jumatatu likiwa limemaliza akiba yote, na hapo tumechukulia kwamba betri ni mpya na gari lenyewe halijala kitu, ilhali alamu na mitambo mingine huendelea kula kidogo kidogo. Betri iliyopoteza nusu ya uwezo wake haitafika Jumatatu.

Mtu atasema: tumia bodi ndogo zaidi. Ni kweli kwamba Raspberry Pi Zero W, iliyotoka 2017, hula wati 1 au pungufu, na saa 77 zinakuwa kama siku 11. Ni nafuu kubwa, na kwa kazi ya kuandika takwimu ndiyo ningeichagua. Lakini gari likiachwa uwanja wa ndege kwa wiki mbili matokeo ni yaleyale. Bodi ndogo imeahirisha kosa bila kuliondoa. Mwingine atasema achote moja kwa moja kwenye nyaya za rangi ya chungwa, ambazo ndizo za betri kubwa. Hapana. Licha ya hatari ya kifo, nyaya hizo hazina umeme gari likizimwa, kwa hiyo mtu atakuwa amehatarisha maisha yake bila kupata alichokitafuta. Wapo pia wanaopendekeza pawabenki. Wazo si baya, ila pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo sana, na seli za lithiamu ndani ya gari lililofungwa vioo juani huchakaa haraka.

Jawabu liko katika kuacha kuuliza umeme ni kiasi gani na kuuliza unapatikana lini. Hapa gari la umeme lina neema ambayo la petroli halina. Linapochajiwa, hata kama dereva amelala usingizi, kontakta zimefunga na betri ndogo inalishwa. Saa hizo, ambazo mara nyingi ni za usiku karibu na intaneti ya nyumbani, ndizo saa za kompyuta kufanya kazi nzito: kutuma kumbukumbu, kusasisha programu, kupanga mafaili. Na hakuna haja ya kukata waya wowote wa gari ili kujua zimefika. Betri ya risasi iliyojaa ikitulia husoma kama volti 12.6, ikiwa inalishwa husoma 13 na zaidi. Saketi ndogo inayopima volti hizo huiwasha kompyuta zikipanda na kuiamuru ijifunge zikishuka. Tahadhari moja: aliyebadilisha betri ya risasi akaweka ya lithiamu ya fosfeti atakuta inasoma zaidi ya 13 hata ikiwa imetulia, na kipimo hiki hakitamfaa.

Neno kujifunga nimelitumia kwa makusudi. Kompyuta hii ikikatiwa umeme ghafla inapoandika, faili zilizo kwenye memori kadi huweza kuharibika, na kesho yake haiwaki. Vilevile Raspberry Pi haina usingizi kama wa kompyuta ya mapajani, na hata baada ya kuzimwa kwa programu huendelea kunywa umeme kidogo. Saketi inapaswa kuiambia ijifunge, isubiri kama dakika moja, kisha ikate umeme kabisa. Asiyetaka saketi hiyo anaweza kuweka kadi katika hali ya kusomwa tu na kutumia soketi ya kiberiti cha sigara, ambayo katika magari mengi hufa gari likizimwa; lakini basi kumbukumbu atalazimika kuzipeleka kwingine.

Pa kuchomeka nako kuna mtego. Soketi ya uchunguzi inashawishi kwa sababu pini yake ya 16 hutoa umeme wa betri, lakini katika magari mengi hutoa wakati wote, gari liwe macho au limelala, na hivyo ndivyo betri nyingi zinavyonyonywa bila mwenyewe kujua. Tundu la USB la gari nalo mara nyingi ni dhaifu: Raspberry Pi 4 inahitaji chanzo cha volti 5 chenye uwezo wa ampea 3, na volti zikishuka chini ya 4.63 hutoa onyo la umeme hafifu. Njia nzuri ni kishusha volti cha kubadili kwa kasi, kisichopoteza nguvu nyingi kuwa joto, chenye fyuzi yake karibu kabisa na mahali waya unapoanzia. Kazi ikiisha, gari lifungwe, lipewe muda wa kulala kabisa, kisha fundi apime mkondo unaotoka betri ndogo mara mbili, kompyuta ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Vipimo hivyo viwili vikilingana, mwenye gari anaweza kusafiri wiki mbili na kulikuta linawaka.