Rafu ya Vipuri Vidogo Huanza na Bolti

Katika karakana ya pikipiki, kinachochelewesha kazi mara nyingi si injini yenyewe. Ni washa ya shaba ya bolti ya kumwagia oili, ni klipu ya pini ya pistoni, ni bolti fupi ya kava la klachi ambayo fundi anajua anayo, tena anazo nyingi, ila zimo ndani ya kopo la rangi pamoja na misumari, spoki na fyuzi zilizoungua. Kopo linamwagwa juu ya gunia, vidole vinachambua, na dereva wa bodaboda amesimama pembeni akiona hesabu ya jioni inazidi kumponyoka.

Fundi akichoshwa na hali hiyo huenda kwa seremala akaagiza rafu, kisha ndipo akatafuta vya kuweka ndani yake. Hapo mpango unakuwa umepinduka. Rafu ya vipuri vidogo hupimwa kwa kisanduku, kisanduku huchaguliwa kwa vipuri, na vipuri havichaguliki mpaka vitandazwe chini vyote vikaonekana. Anayeanza na ubao humaliza na rafu nzuri iliyopangwa makopo yaleyale.

Hospitali za Tanzania zilipopokea mfumo wa Kijapani wa S tano wa kupanga stoo na wodi, hatua zake zilipewa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusasambua ni hatua ya kwanza, na mafundi wengi huiruka. Tandaza turubai, mwaga makopo yote, tenganisha. Bolti iliyolika meno iende kwenye vyuma chakavu. Beringi iliyotolewa kwenye ringi ikawekwa “kwa dharura” iondoke kabisa, kwa sababu beringi isiyo na kifungashio chake imekwisha kula vumbi, na kumfungia mteja beringi ya namna hiyo ni kumpeleka barabarani na hatari. Kinachobaki kitakuonyesha unahitaji vyumba vingapi. Karakana ndogo hushangaa kuona kwamba aina za vipuri inazotumia kila wiki ni chache kuliko ilivyodhani, ila kila aina imetawanyika sehemu nne.

Sasa nunua visanduku. Ninavyopendelea ni vile bapa vya plastiki vyenye vyumba ndani, mfuniko unaopitisha mwanga na vifungo viwili mbele. Nunua vya aina moja na ununue vyote kwa pamoja, maana mwaka ujao duka litakuwa na vingine vyenye kimo tofauti, na rafu yako haitavipokea. Kabla ya kulipa, tia washa mbili tatu katika kila chumba, funga, geuza juu chini na utikise. Washa zikihamia chumba cha jirani, kiache hapohapo dukani. Kuta za ndani zisizofika kwenye mfuniko zitachanganya vipuri vyako siku ya kwanza utakapobeba kisanduku kwenda kumtengenezea mtu pikipiki iliyokwama njiani. Na kisanduku cha namna hii faida yake ni hiyo hasa: kinatoka kwenye rafu kizima, kinakwenda kwenye kazi, kinarudi.

Kabla ya kupima ubao, fikiria uzito. Lita moja ya chuma kigumu ina karibu kilo 7.8. Bolti zilizomwagwa huacha mianya mingi kati yake, kwa hiyo kadiria nusu ya hapo, kilo 4 hivi kwa kila lita. Kisanduku cha lita 4 kikijazwa nati na bolti hadi juu kitakaribia kilo 16. Visanduku 20 vitakuwa kilo 320, zaidi ya pikipiki mbili aina ya Boxer zikining’inia kwenye mbao za nusu inchi. Kwa hiyo kisizidi kilo 5 kila kimoja. Si rafu tu itakayonusurika. Mkono mmoja unaokivuta, mwingine umeshika spana, utakushukuru pia.

Uzito huo ndio unaoharibu rafu ndefu. Ubao uliolazwa juu ya nguzo mbili, ukiurefusha mara mbili huku kila futi ikibeba mzigo uleule, hupinda mara 16 zaidi. Ukiongeza unene mara mbili badala yake, unapunguza kupinda hadi sehemu moja ya nane. Maana yake ni kwamba kufupisha nafasi kati ya nguzo ni nafuu kuliko kununua ubao mnene, na rafu ya futi sita isiyo na nguzo katikati itapata tumbo hata ikitengenezwa kwa mninga. Suluhisho langu ni kuacha kabisa mbao za kulaza. Kila kisanduku kikae juu ya reli zake mbili, moja kila upande, kama droo isiyo na uso.

Tuchukue kisanduku chenye upana wa milimita 360, kina cha 280 na kimo cha 55. Kati ya kuta mbili za rafu acha milimita 366, yaani 3 za kupumulia kila upande. Ukizidisha, kisanduku kitakaa upande na kudondoka kwenye reli. Ukipunguza, masika yakija ubao utavimba na kukibana. Ngazi moja hadi nyingine iwe milimita 75. Reli yenye unene wa milimita 12 itaacha 63 za kupitisha kisanduku, na juu yake zibaki 8. Safu mbili zenye ngazi 10 kila moja zinabeba visanduku 20. Kuta tatu za plaiwudi ya milimita 18 zenye urefu wa 750, na vipande viwili vya 786 kwa juu na chini, vyote vyenye upana wa 270 ili kisanduku kitokeze mbele milimita 10 vidole vipate pa kushika. Vipande hivyo vyote vinatoka kwenye plaiwudi isiyofika nusu ya shiti ya futi nane kwa nne. Mabaki ya marini bodi kutoka kwenye majengo yanafaa sana kama hayajaachana matabaka.

Reli zifungwe kabla rafu haijaunganishwa, kuta zikiwa zimelala. Usipime kila reli kwa futi kamba, kwani makosa ya nusu milimita hujumlika, na ukifika ngazi ya tisa kisanduku kinakaa upande. Kata kipande cha ubao chenye upana wa milimita 63 kamili. Kikalishe chini, weka reli juu yake, funga; kikalishe juu ya reli hiyo, weka nyingine, funga, mpaka zitimie tisa. Kisanduku cha chini kabisa hakihitaji reli, kinakaa kwenye sakafu ya rafu. Tumia gundi nyeupe ya seremala na skrubu za milimita 25, na utoboe kwanza kwa keekee nyembamba reli isipasuke. Ukuta wa katikati una reli pande zote mbili, na hapo ndipo wengi hukwama: skrubu ya kushoto na ya kulia zikipangwa sawa zitagongana ndani ya ubao. Zipishanishe.

Mgongo wa plaiwudi ya milimita 6 usiupuuze kwa kuwa hauonekani. Bila mgongo, sanduku lolote lisilo na milango hulala upande mmoja taratibu. Kabla ya kuupigilia, pima kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine. Vipimo viwili vikilingana, rafu imenyooka.

Kuna jaribio moja la kufanya ukiwa bado dukani au mara tu ufikapo nyumbani. Tia kilo 5 ndani ya kisanduku, kishike kwa kingo zake mbili tu, utazame tumbo lake. Kikibonyea sana, reli za pembeni hazitoshi. Kiwekee chini yake kipande cha plaiwudi ya milimita 6, na nafasi ya ngazi uiongeze kiasi hichohicho.

Wenye fundi wa kuchomelea jirani wanaweza kutumia vyuma vya engo vya milimita 20 badala ya reli za mbao, na skweya paipu badala ya kuta. Chuma hakiliwi na mchwa. Sharti ni kushikiza kila kiungo kwa nukta kwanza, kupima, ndipo kuchomelea kikamilifu, kwa sababu joto hukivuta chuma kikapoteza umbo. Vyovyote iwavyo, miguu iinuke sentimita 60 kutoka sakafuni, ili njia za mchwa zionekane mapema na ngazi ya juu isizidi usawa wa macho. Na kichwa cha rafu kifungwe ukutani kwa skrubu na plagi za plastiki. Siku mwanafunzi atakapovuta visanduku vitano kwa mpigo, uzito wote utahamia mbele, na rafu isiyofungwa itamfuata.

Kuhusu lebo nina neno. Mafundi wetu huita bolti kwa spana yake: ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Lugha hiyo inatosha katika kufungua, lakini ikiandikwa kwenye kisanduku inapotosha. Bolti ya M8 ya Kijapani huwa na kichwa cha 12, ya kiwango cha Ulaya kichwa cha 13, ilhali meno yake ni yaleyale. M10 inaweza kuwa na kichwa cha 14, 16 au 17. Kibaya zaidi, M10 zipo zenye meno ya milimita 1.25 na zenye meno ya 1.5, na anayelazimisha moja ndani ya tundu la nyingine anaharibu nati, au nyumba ya injini ya aluminiamu ambayo haina bei ndogo. Andika unene na meno: M6 x 1.0, M8 x 1.25. Kisha chukua bolti mpya moja moja za M5, M6, M8 na M10 zote mbili, uzifunge kwenye ukingo wa rafu zikitazama nje. Nati usiyoijua ijaribiwe hapo. Ikiingia kwa vidole mpaka mwisho, umeipata. Ikikaza baada ya mizunguko miwili, meno si yake. Kifaa hiki hakigharimu chochote, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anakitumia sawasawa na fundi mkuu.

Vizito vikae chini, vinavyoguswa kila siku vikae kati ya kiuno na macho. Oringi na sili za mpira zitengwe mbali na dirisha lenye jua, na mbali pia na mashine ya kuchomelea na mota za umeme, kwani cheche zake hutoa ozoni, hewa inayoupasua mpira uliovutwa. Zisilale chumba kimoja na vipuri vilivyopakwa oili. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, ambako upepo wa bahari hula hata bolti zilizopakwa zinki, mifuniko ibaki imefungwa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vitiwe ndani.

Kati ya visanduku 20, acha viwili vitupu vya kukulia. Cha tatu kiandikwe “Haijulikani”: humo ndimo iende kila bolti au nati inayookotwa sakafuni jioni, na kila Jumamosi kimwagwe, kila nati ijaribiwe kwenye ukingo wa rafu, kila bolti ijaribiwe kwa nati inayojulikana, kisha kila kimoja kirudishwe chumbani kwake au kitupwe. Kisipomwagwa mwezi mzima, kitakuwa kopo la rangi jipya.