Kitara (Netrunner)

Kitara ni mfululizo wa pakiti sita za kadi za mchezo wa Android: Netrunner, uliotolewa na kampuni ya Marekani Fantasy Flight Games kati ya 2017 na 2018. Mchezo wenyewe unahusu wadukuzi na makampuni makubwa ya dunia ya baadaye, na katika mfululizo huu mapambano yanahamia Afrika, hasa nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Jina limetokana na himaya ya kale ya Kitara, inayotajwa katika masimulizi ya Bunyoro, Buganda na pia Buhaya, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Kampuni iliyouchapisha iliacha kuuza mchezo huu mwaka 2018, lakini kadi zake bado huchezwa mtandaoni bila malipo.

Mchezo

Netrunner huchezwa na watu wawili wasio na silaha sawa. Mmoja ni Kampuni, mwingine ni Runner, yaani mdukuzi anayejaribu kuingia katika seva za Kampuni. Kwa mtu aliyezoea bao, tofauti ni kubwa. Katika bao kete zote 64 zinaonekana, na anayeshindwa ameshindwa kuhesabu. Katika Netrunner Kampuni hulaza kadi zake kifudifudi, na Runner hajui kama anachokikimbilia ni hazina au mtego mpaka awe ameshaingia. Kwa upande huu mchezo unakaribia zaidi karata za kopa, shupaza, pau na uru, ambako uso wa mchezaji nao husomwa. Mtandaoni uso hauonekani. Hubaki muda ambao mpinzani anatumia kufikiri, nao husema mengi.

Kila mchezaji huanza na pesa 5 na kadi 5 mkononi. Katika zamu yake Kampuni huchota kadi moja kwa lazima, kisha hufanya vitendo 3. Runner hana kadi ya bure, lakini ana vitendo 4. Kitendo kimoja chaweza kuwa kuchota kadi, kupata pesa 1, kuweka kadi mezani au, kwa Runner, kushambulia seva. Mkono wa Kampuni, rundo lake la kuchotea na rundo la kadi zilizotupwa, yote matatu ni seva zinazoweza kuvamiwa. Kampuni huweza pia kufungua seva nyingine pembeni.

Seva hulindwa na kadi ziitwazo aisi, nazo hulazwa kifudifudi. Runner akiikaribia, Kampuni huamua kama italipa gharama ya kuiwasha. Zipo aisi za aina kuu tatu, na kila aina huhitaji programu yake ya kuivunja, hivyo mdukuzi aliyekuja na programu moja tu anaweza kukwama mlangoni akiwa na pesa tele.

Kinachogombaniwa ni kadi za ajenda. Kampuni huziendeleza hatua kwa hatua, kila hatua kwa kitendo kimoja na pesa 1, hadi zikamilike. Runner huziiba kabla hazijakamilika. Anayetangulia kufikisha pointi 7 ameshinda. Kampuni inaweza pia kumuua Runner kwa kumdhuru zaidi ya idadi ya kadi alizo nazo mkononi, na yenyewe hushindwa ikitakiwa kuchota kadi wakati rundo limekwisha.

Kadi ya Mwanza City Grid, mojawapo ya kadi zinazojulikana zaidi katika mfululizo wa Kitara, inaonyesha jinsi mchezo unavyofikiri. Kampuni huiweka kwenye mkono wake au kwenye rundo la kuchotea. Runner akifika hapo anaruhusiwa kutazama kadi 3 zaidi ya kawaida, na kwa kila kadi aliyoitazama Kampuni hupata pesa 2. Mtu aliyezoea kuona kadi 1 ya juu ya rundo sasa anaona 4, na Kampuni inapokea pesa kwa kila mojawapo. Asipokuta ajenda hata moja, amemtajirisha adui kwa mikono yake. Akikuta mbili, huenda mchezo umekwisha.

Majina

Pakiti za Kitara ni Sovereign Sight, Down the White Nile, Council of the Crest, The Devil and the Dragon, Whispers in Nalubaale na Kampala Ascendent. Nalubaale ni jina la Kiganda la Ziwa Viktoria, likihusiana na lubaale, yaani mizimu mikuu ya Buganda. Upande wa Buhaya ziwa hilohilo huwekwa chini ya Mugasha, mwenye mawimbi na dhoruba.

Uhusiano wa Buhaya na Kitara haukuanza na mchezo. Watawala wa Kiziba, kaskazini mwa mji wa Bukoba, walikuwa wa ukoo wa Babito, ambao masimulizi yanasema walitoka Kitara wakiongozwa na Kibi. Habari hizo ziliandikwa kwa Kihaya na F. X. Lwamgira katika Amakuru ga Kiziba, kilichochapishwa mwaka 1949. Huko Ihangiro, leo wilaya ya Muleba, walitawala Bahinda, ambao nao masimulizi huwaunganisha na Wamara, mfalme wa Bachwezi. Kwa msomaji wa Kagera, kwa hiyo, Kitara si jina la kubuni.

Baadhi ya kadi zina majina ya Kiswahili. Mti Mwekundu ni tawi la Jinteki, mojawapo ya makampuni manne makubwa ya mchezo. Uwezo wake ni kuweka aisi mpya mbele ya mdukuzi anayekaribia seva, bila gharama, mara moja kwa zamu. Mlinzi ni aisi inayomdhuru Runner asipokubali kutupa kadi za juu za rundo lake; jina linafaa. Mganga ni aisi ambayo wachezaji wote wawili hufumba mkononi pesa 0, 1 au 2, kisha hufungua pamoja, na Runner huumia kwa kiasi kinachotegemea kama wamelingana au la. Hapa jina linashangaza kidogo, kwa kuwa mganga wa kadi hii hatibu mtu.

Trypano ni kadi ya upande wa Runner inayokula aisi polepole, zamu baada ya zamu. Jina lake limetokana na trypanosoma, vijidudu vya malale vinavyoenezwa na mbung'o. Mchezo unaihesabu kuwa kirusi, ingawa katika biolojia ni kiumbe cha seli moja. Ugonjwa huo una historia nzito kandokando ya ziwa: mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliuchunguza katika visiwa vya Sese, na Wajerumani waliweka kambi ya wagonjwa wa malale Kigarama, Kiziba.

Majina mengine yametoka mbali. Laamb ni mieleka ya Senegal, Engolo ni mchezo wa mapigano wa Angola, na azmari ni waimbaji wa Ethiopia. Waandishi wa mfululizo waliitazama Afrika nzima kupitia dirisha moja la Kitara, na mchezaji asiyelijua bara hili anaweza kudhani yote hayo yanapatikana kando ya ziwa moja.

Kusimama na kuendelea

Netrunner ya kwanza ilibuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1996. Kadi zake ziliuzwa kwa pakiti za bahati nasibu, kwa hiyo mwenye fedha nyingi alikuwa na kadi nzuri zaidi. Fantasy Flight Games iliufufua mwaka 2012 kwa leseni, ikabadili jambo hilo: kila pakiti ilikuwa na kadi zilezile 60, yaani kadi 20 tofauti, kila moja mara tatu.

Tarehe 8 Juni 2018 kampuni ilitangaza kwamba leseni inakwisha, na mauzo yakasimama tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo. Kitara ukawa mfululizo wa mwisho wa namna yake. Baada yake ilikuja pakiti kubwa moja tu, Reign and Reverie. Wachezaji hawakukubali kuuacha. Waliunda kundi la kujitolea lililoitwa NISEI, ambalo tangu 2022 linajulikana kama Null Signal Games, likaanza kutunza sheria, kuandaa mashindano na kubuni kadi mpya. Seti yake ya wanaoanza, System Gateway, ilitoka mwaka 2021.

Kucheza kutoka Bukoba

Mchezo wa mtandaoni hufanyika hasa kwenye tovuti ya Jinteki.net, iliyojengwa na kutunzwa na watu wa kujitolea. Inafunguka katika kivinjari cha kawaida, kujiandikisha ni bure, na mchezaji hupata kadi zote tangu siku ya kwanza, za Kitara zikiwemo. Mtindo wa mashindano uitwao Eternal hukubali pia kadi za zamani. Anayejifunza peke yake anaweza kutumia Chiriboga, ambako mpinzani ni kompyuta.

Saa za Bukoba zinamfaa mchezaji anayetafuta mpinzani wa Ulaya: saa tatu usiku Bukoba au Muleba ni saa mbili usiku Berlin wakati wa kiangazi chao, na saa moja jioni wakati wa baridi.

Wanaotaka kucheza ana kwa ana wanaweza kuchapa kadi za Null Signal Games, ambazo mafaili yake hutolewa bure. Kadi moja ina ukubwa wa milimita 63 kwa 88, hivyo karatasi ya A4 hutosha kadi 9, na rundo la kadi 45 huhitaji karatasi 5. Karatasi peke yake ni laini mno kuchanganywa. Wachezaji huitia katika vifuko vya plastiki pamoja na karata ya kawaida nyuma yake.