Mazoezi ya Viungo: Kwa Nini Wanaoanza Huacha Upesi

Kwa mkulima wa Muleba, kulima kwa jembe, kubeba mikungu ya ndizi na kupanda vilima ni kazi ya kila siku. Hana haja ya kutafuta mazoezi mengine. Mwanafunzi, karani na mwenye duka wa mjini Bukoba wamo katika hali nyingine: hukaa kitini saa nyingi na kusafiri kwa pikipiki. Hatari ya kukaa ilidhihirika mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walipochapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda ngazi kutwa, waliugua maradhi ya moyo mara chache kuliko madereva.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Wengi huanza, wachache hudumu. Aghalabu sababu ni pupa ya siku ya kwanza katika jumba la mazoezi, au jimu. Msuli unaofanyishwa kazi ngeni hupata majeraha madogo mno katika nyuzi zake, hasa unaporefuka huku umejikaza, kama msuli wa paja wakati wa kuteremka mlima. Maumivu hukolea baada ya siku 1 hadi 3. Kazi ile ile ikirudiwa baada ya juma moja, maumivu hupungua sana. Lakini mwenye pupa huwa amekwisha kata tamaa.

Katika majuma ya mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva hujifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Misuli yenyewe hunenepa baadaye. Kano, zinazounganisha misuli na mifupa, huimarika polepole zaidi. Kwa hiyo hapana budi uzito uongezwe kidogo kidogo. Dumu la maji latosha: lita 1 ina kilo 1. Anayeanza aweza kulikumbatia dumu lenye lita 3, achuchumae na kuinuka mara 10, siku 2 kwa juma, kisha aongeze nusu lita kila juma. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Mazoea nayo yana kanuni zake. Uchunguzi wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa tendo jipya huhitaji siku 66 hivi kuwa mazoea. Kwa wengine siku 18, kwa wengine zaidi ya 200. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Jambo kubwa ni kulifunga tendo na wakati usiobadilika. Bukoba hupata mvua nyingi, hasa Machi hadi Mei, na mara nyingi hunyesha asubuhi. Anayetegemea kukimbia alfajiri peke yake atakatizwa. Afadhali awe na zoezi la ndani pia.

Darasa laweza kulipima jambo hili. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika 1 kabla ya kuondoka kitandani, mara moja kwa juma, kwa majuma 10, huku akitembea kwa haraka au kukimbia mara kwa mara. Achore grafu, na chini yake aandike idadi ya siku alizofanya mazoezi. Kwa kawaida mapigo hupungua kwa anayedumu. Mwalimu awaulize wanafunzi: je, grafu za waliokosa siku nyingi zinafanana na za wenzao?