Haki za Binadamu na Mipaka Yake: Sheria ya Ufaransa Inayokataza Kufunika Uso

Ukiulizwa kama uhuru wa kuabudu una mipaka, usikimbilie kuandika "ndiyo, kwa ajili ya usalama" ukaishia hapo. Msahihishaji anataka kuona mpaka umewekwa na nani, kwa sababu ipi, na kama sababu hiyo inatosha. Mfano unaofaa kwa mazoezi ni sheria ya Ufaransa ya tarehe 11 Oktoba 2010, iliyoanza kutumika Aprili 2011.

Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kuvaa vazi la kuficha uso katika maeneo ya umma, yaani barabarani na mahali pote palipo wazi kwa watu wote au panapotolewa huduma za umma, kama dukani, hospitalini na stesheni. Anayeivunja hutozwa faini isiyozidi euro 150, au huamriwa kuhudhuria mafunzo ya uraia, au vyote viwili. Anayemlazimisha mwingine kufunika uso kwa sababu ya jinsia yake hupata adhabu kubwa zaidi: kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 30,000, na adhabu hiyo huongezeka maradufu ikiwa aliyelazimishwa ni mtoto.

Zingatia kwamba neno "nikabu" halimo katika katazo hilo, wala dini yoyote haikutajwa. Waliofunika uso kwa sababu za afya, kazi, michezo au sherehe za jadi wamesamehewa. Baraza la Katiba la nchi hiyo nalo lilisema katazo lisitumike ndani ya nyumba za ibada zilizo wazi kwa umma. Hata hivyo, mjadala wa bungeni ulihusu nikabu na burka, na walioguswa zaidi ni wanawake Waislamu wanaovaa mavazi hayo. Sheria inaweza kuandikwa kwa ajili ya wote na bado uzito wake ukaangukia kundi moja. Hoja hii ina alama, usiiache.

Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara katika kusahihisha ni sentensi "Ufaransa imepiga marufuku hijabu mitaani". Si kweli. Hijabu hufunika nywele na kuacha uso wazi, kwa hiyo sheria ya 2010 haiigusi. Sheria ya 2004, inayokataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi, ndiyo inayoihusu hijabu, na inaishia shuleni.

Mwanamke mmoja raia wa Ufaransa, anayejulikana katika kumbukumbu za kesi kwa herufi S.A.S. tu, aliishtaki nchi yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alieleza kwamba hakulazimishwa na mume wala ndugu, kwamba hakuivaa nikabu kila siku, na kwamba alikuwa tayari kufunua uso anapohitajika kutambuliwa, kwa mfano benki au uwanja wa ndege.

Hukumu ilitolewa tarehe 1 Julai 2014. Isome polepole, kwa sababu wengi hudhani Ufaransa ilishinda kwa hoja ya usalama. Mahakama iliikataa hoja hiyo: kukataza kila mahali na kila wakati ni kupita kiasi, wakati ingetosha kumtaka mtu afunue uso panapokuwa na shaka. Ilikataa pia hoja ya usawa wa kijinsia, kwani serikali haiwezi kuitumia kukataza vazi ambalo wanawake wenyewe wanalitetea. Iliyokubaliwa ni hoja ya "kuishi pamoja", kwamba uso una nafasi katika mahusiano ya watu na jamii inaweza kuamua uonekane. Majaji 15 kati ya 17 waliona haki haikuvunjwa. Wawili walipinga, wakisema hoja hiyo haina mipaka inayoeleweka. Kwa maoni yangu, hao wawili wanastahili kutajwa katika jibu lako.

Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikishughulikia malalamiko ya wanawake wengine wawili, ilifikia uamuzi wa kinyume: Ufaransa ilivunja uhuru wao wa dini, na katazo hilo linaweza kuwafungia nyumbani wanawake ambao serikali ilisema inawalinda. Maoni ya Kamati hayana nguvu ya hukumu ya mahakama, na sheria imebaki.

Sasa fungua Katiba ya Tanzania, Ibara ya 19 kuhusu uhuru wa dini na Ibara ya 30 kuhusu mipaka ya haki. Ibara ya 30 inataja usalama, amani, maadili na afya ya jamii, pamoja na haki za watu wengine na maslahi ya umma. Kisha jibu swali hili kwa dakika 30:

Chukulia kwamba nchi fulani yenye katiba kama yetu imekataza kufunika uso sokoni, katika daladala na hospitalini, kwa sababu ya usalama. Jadili kama katazo hilo linakubalika, na pendekeza hatua moja nyepesi zaidi ambayo ingetosha.