Kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya: kumbukumbu zako ziko salama?

Mkulima wa Zuzu anaweza asiwe na kompyuta nyumbani, lakini jina lake limo kwenye kompyuta za watu wengine: kwenye chama cha akiba na mikopo, zahanati, au duka la pembejeo. Baadhi ya ofisi hutunza kumbukumbu kwa programu za miaka mingi, ambazo hazikubali kufanya kazi kwenye kompyuta za sasa. Hapo ndipo mashine pepe inapotumika.

Mashine pepe ni nini?

Ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Kwa njia hiyo, Windows XP ya mwaka 2001 inaweza kuendeshwa ndani ya kompyuta mpya, na programu ya zamani ikaendelea na kazi.

Tatizo ni kwamba mfumo wa zamani hautunzwi tena. Microsoft iliacha kuirekebisha XP Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020. Tundu likigunduliwa leo, kwa kawaida halizibwi. Kuuweka mfumo huo ndani ya kompyuta mpya hakuuponyi: mlango uliooza hauwi mzima kwa kuhamishiwa nyumba ya tofali.

Funzo la mwaka 2017

Mei 12, 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga mafaili na kudai malipo. Kilifika nchi zipatazo 150. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho tangu Machi mwaka huo. Wengi walioumia hawakuwa wameliweka.

Ofisi ifanye nini?

Dawa ya kweli ni kuhamia mfumo mpya. Kama bado haiwezekani:

- Izimie mashine pepe mtandao. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote.
- Isifungue baruapepe wala kupokea flashi za kila mtu.
- Funga folda za pamoja kati yake na kompyuta inayoibeba. Kirusi hupitia humo.
- Kompyuta inayoibeba isasishwe kila mara.
- Mashine pepe nzima huhifadhiwa kama mafaili. Izime, inakili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe diski hiyo na kuifungia kabatini. Ikiharibika, unairudisha ilivyokuwa.

Na simu yako?

Simu nayo ina mfumo unaozeeka. Ingia kwenye mipangilio, utafute sasisho la programu. Likiwepo, lipakue. Kama simu imeacha kupata masasisho, usisakinishe programu kutoka kwenye viungo unavyotumiwa kwa ujumbe, na fikiria mara mbili kabla ya kuweka humo programu ya benki.

Una haki ya kuuliza

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa zako azilinde. Kwenye mkutano ujao wa chama chenu, uliza maswali mawili tu: kompyuta yenye hesabu zetu imeunganishwa na intaneti? Nakala ya hesabu hizo iko wapi? Kiongozi anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Akisitasita, msiahirishe hadi mkutano mwingine.